Nikiwasha VPN, kampuni ya simu na serikali bado wanaona nini?

Tafsiri_Mbezi

Wakuu, habari za jioni. Naomba majibu ya kitaalamu, siasa tuiweke pembeni.

Natumia Android 13, laini imesajiliwa kwa NIDA (kitambulisho cha taifa) yangu. Nyumbani nina ruta ya 4G yenye laini nyingine, nayo ni kwa jina langu. Kazi yangu ni kutafsiri mikataba na vyeti vya watu, kwa hiyo kwenye simu na kompyuta kuna nyaraka ambazo si zangu. Kila mtu ana lake: huyu anasema ukiwasha VPN (ile njia iliyosimbwa ya kupitishia intaneti kwenye seva ya mtu mwingine) hakuna anayekuona, yule anasema kampuni ya simu inasoma mpaka WhatsApp. Ukweli ni upi? Bila VPN wanaona nini, na nikiiwasha kinabaki nini wazi? Lile tangazo la TCRA (mamlaka ya mawasiliano) la kutoa taarifa za VPN bado ni la kuzingatia? Na la mwisho: nimeweka DNS ya faragha kwenye simu, lakini kuna nyakati inaandika hakuna intaneti wakati bando lipo. Tatizo nini?

kebo_ya_chini

Mkuu, tenganisha vitu viwili. Kuna yaliyomo kwenye mawasiliano, na kuna taarifa za mawasiliano yenyewe: nani kaongea na nani, saa ngapi, akiwa wapi, data kiasi gani. Watu wanahangaika na hayo ya kwanza wakati hizi za pili ndizo zinazowaponza.

Bila VPN, ukifungua tovuti ya https, kampuni haioni ukurasa uliosoma, ulichojaza kwenye fomu wala nywila. Inaona jina la tovuti, na jina hilo linavuja sehemu mbili. Ya kwanza ni DNS: simu inauliza anwani ya tovuti fulani ni ipi, na kwa kawaida swali hilo linapita wazi kwenye poti 53 (mlango wa mtandao wenye namba hiyo) kwenda seva ya kampuni yenyewe. Ya pili ni salamu ya kwanza ya TLS, yaani usimbaji wa https, ambako simu inataja jina la tovuti kwenye sehemu iitwayo SNI kabla usimbaji haujaanza. TLS 1.3 ilipotoka 2018 ilificha cheti cha seva, SNI ikabaki wazi. Mitambo ya kuchuja inasoma hapo hapo, ndiyo maana tovuti inaweza kugoma hata baada ya kubadilisha DNS. Ipo ECH inayofunika SNI, na Firefox imeiwasha tangu toleo la 119, lakini tovuti nayo lazima iwe imeikubali na DNS yako iwe imesimbwa. Likikosekana moja, jina linaonekana kama kawaida.

Ukiwasha VPN, kampuni inaona anwani moja tu ya IP, saa, na ukubwa wa data. Majina ya tovuti hayaonekani tena. Ila kwamba unatumia VPN inajulikana, na si kwa ujanja wowote mkubwa. WireGuard, aina mojawapo ya VPN, haijifichi: salamu yake ni pakiti ya UDP ya baiti 148, jibu ni baiti 92, kila mara hivyo hivyo, na mara nyingi ni poti 51820. OpenVPN, aina nyingine, ina poti yake ya asili, 1194. Hata ukihamishia TCP 443 ifanane na https, mtu anayeangalia anaona simu moja inaongea na seva moja kuanzia asubuhi hadi usiku. Kuvinjari kwa kawaida hakufanani na hivyo.

Na ulichoificha kampuni ya simu umemkabidhi mwenye VPN. Za bure ziogope. Onavo ya Facebook ilijitangaza kuwa inalinda watumiaji huku ikikusanya takwimu za programu wanazofungua, ikaondolewa kwenye duka la Apple Agosti 2018. Hola ilibainika 2015 kuwa inageuza vifaa vya watumiaji wake kuwa njia ya kupitishia trafiki ya watu wengine, yaani anwani yako ya IP inafanya mambo usiyoyajua.

Sasa kitu ambacho VPN haikigusi kabisa: laini. Mtandao wa simu lazima ujue uko chini ya mnara gani ili simu iweze kuita. Kumbukumbu za kupiga na kupokea zina namba zote mbili, muda, mnara na IMEI (namba ya utambulisho ya simu yenyewe). Kuzima GPS hakusaidii hapa. Mnara unapima pia kuchelewa kwa mawimbi ili kujua umbali wa simu: kwenye 2G hatua moja ni kama mita 550, kwenye 4G ni kama mita 78. Ukitoa laini na kuweka nyingine kwenye simu ile ile, IMEI inaziunganisha hapo hapo. Nayo usajili wa alama za vidole, ulioanza 1 Mei 2019 na kufikia ukomo 20 Januari 2020, unaunganisha namba na jina.

Ukitaka kujua ukubwa wa jambo hili: ripoti ya Vodafone ya Juni 2014 ilitaja maombi 98,765 ya taarifa za aina hii kutoka mamlaka za Tanzania kwa mwaka mmoja, kwa kampuni yake ya hapa peke yake. Na ushahidi uliotolewa kwenye baraza la ajira London, magazeti yakaripoti Septemba 2024, ulieleza kwamba 2017 kampuni moja ya simu ilipeleka serikalini taarifa za simu na mahali alipo mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, kabla hajapigwa risasi Dodoma 7 Septemba mwaka huo. Hilo halikuhitaji kufungua usimbaji wa programu yoyote.

Kidokezo kimoja ambacho hata wapelelezi hukisahau. Wateja wengi wa data ya simu wanatumia anwani moja ya IP ya nje kwa pamoja. Ombi likija na IP tu, bila namba ya poti na sekunde kamili, linaweza kuangukia mamia ya watu. Mbaya zaidi, seva nyingi huandika saa za UTC na sisi tuko saa tatu mbele. Mtu asipozihesabu hizo saa tatu, anapata jina la mteja asiyehusika.

Hati_na_Muhuri

Nichukue upande wa sheria.

Katiba ya 1977, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake binafsi. Ibara ya 18 inatoa haki ya kutoingiliwa mawasiliano. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kifungu cha 120, inafanya kunasa mawasiliano bila mamlaka halali kuwa kosa la jinai. Mzigo wote uko kwenye hayo maneno "mamlaka halali". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi, au afisa wa ngazi hiyo, uwezo wa kutoa amri ya upekuzi na ya kutolewa data kwa ajili ya upelelezi. Kwa hiyo usidhani kila ombi linaanzia mahakamani.

VPN: tangazo la TCRA lilitoka Oktoba 2023 likiegemea Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020. Lilitaka watu na kampuni wanaotegemea VPN watoe taarifa, pamoja na anwani ya IP, hadi 30 Oktoba 2023. Adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Halikufuta VPN za kazi. Ugumu wake ni wa kiutendaji: ofisi yenye seva yake na IP isiyobadilika inaweza kuijaza fomu vizuri, lakini mtu mwenye VPN ya kulipia, ambayo inampa IP tofauti kila anapounganisha, ataandika ipi? Hata hivyo usiichukulie kama karatasi iliyokufa. Kanuni hizo zinagusa pia kutumia teknolojia kufikia maudhui yaliyokatazwa, na mtandao wa X ulifungwa nchini Mei 2025. VPN ya kuingia kwenye seva ya mwajiri na VPN ya kufungulia kilichofungwa hazitatazamwa kwa jicho moja. Kama unayo ya kazi, toa taarifa, hifadhi nakala ya fomu na uthibitisho wa kupokelewa, na uwe na barua ya mteja au mwajiri inayosema kwa nini inahitajika.

Jambo ambalo hukuuliza: wewe mwenyewe unashika taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023 na imeunda Tume ya kuisimamia. Vyeti vya kuzaliwa na mikataba ya wateja vinakuingiza kwenye kundi la mkusanyaji au mchakataji, nayo inadai usajili na hatua za kuzilinda hizo taarifa. Sheria hiyo ina misamaha kwa usalama wa taifa na upelelezi wa makosa, kwa hiyo usiitegemee kama kinga dhidi ya polisi. Dhidi ya kampuni au ofisi inayosambaza namba yako na picha ya kitambulisho, hapo ina meno.

Na kama unaenda kuchapisha nyaraka intaneti kafe, kumbuka kanuni za 2018 zilizitaka kafe kuwa na kamera, daftari la wateja wenye vitambulisho, na anwani za IP zisizobadilika kwa kila kompyuta.

Tafsiri_Mbezi

Asanteni sana wakuu. Hilo la Tume sikuwa nalo kabisa. Bado DNS. Na nikiwasha VPN kwenye simu halafu nikarushia kompyuta hotspot, kompyuta nayo inapita kwenye VPN?

kebo_ya_chini

Hotspot kwanza: hapana. Kwenye Android ya kawaida kifaa kilichounganishwa na hotspot kinapita nje ya VPN ya simu. Weka VPN kwenye kompyuta yenyewe, au kwenye ruta kama inakubali OpenWrt (mfumo huria wa kuendeshea ruta).

DNS ya faragha, yaani maswali ya DNS yaliyosimbwa, inatumia poti 853. Ukiandika jina la seva, mfano dns.quad9.net au one.one.one.one, simu inakuwa kali: ikishindwa kuifikia seva hiyo hairudi kwenye DNS ya kawaida, inakata. Sababu za mara kwa mara ni hizi. Mtandao uliopo umefunga 853. Wi-Fi ya hoteli au kafe inataka uingie kwanza kwenye ukurasa wake, na ukurasa huo unaweza kugoma kufunguka. Au tarehe ya simu imekosewa, hasa baada ya betri kuisha kabisa, hivyo cheti cha seva kinaonekana kimeisha muda. Rudisha kwenye hali ya kujiendesha yenyewe, jaribu, kisha andika jina upya. Ikigoma kwenye mtandao huo mmoja tu, tumia DNS iliyosimbwa ndani ya kivinjari. Yenyewe inapita poti 443 pamoja na https nyingine, si rahisi kuifunga peke yake.

Na bando la mitandao ya kijamii: kampuni inatambua WhatsApp au Instagram kwa SNI na anwani za IP. Ukiwasha VPN haioni tena, hivyo trafiki inakula bando kuu au salio. Wengi wanadhani wameibiwa.

Kwenye VPN yenyewe angalia haya. Ndani ya mipangilio ya VPN ya Android washa iwe hewani muda wote na uzuie muunganisho wowote usiopita humo. Bila hivyo, mnara ukibadilika VPN inakatika kimya kimya na programu zinaendelea wazi. Hata ukiwasha, Android inaendelea kutuma vipimo vyake vidogo vya kuangalia kama intaneti ipo, nje ya VPN. Mullvad walilitangaza hili Oktoba 2022. Hayataji tovuti unazotembelea, lakini yapo.

Kwa WireGuard, mstari wa AllowedIPs (anwani zinazopitishwa kwenye VPN) uwe na 0.0.0.0/0 pamoja na ::/0, yaani anwani zote za IPv4 na za IPv6. Ukiacha hicho cha pili, na laini yako ina IPv6, sehemu ya trafiki inatoka wazi huku alama ya VPN inawaka juu. Kurasa zikifunguka nusu, picha zinagoma lakini maandishi yanakuja, shusha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) kutoka 1420 hadi 1280. Meseji zikichelewa hadi uwashe kioo, weka PersistentKeepalive 25, simu itume ishara kila sekunde 25. Ukimaliza fungua ipleak.net: anwani zote na seva za DNS ziwe za VPN. Ukiona jina la kampuni yako ya simu popote pale, kuna tundu.

kiswaswadu_og

Wakuu mmeongea vizuri ila mmekaa sana kwenye waya. Simu yenyewe ikishikwa, hayo yote ya VPN hayana kazi.

WhatsApp imesimbwa mwisho hadi mwisho tangu Aprili 2016, kampuni ya simu haisomi. Matobo yako kwingine. Nakala rudufu ya Google Drive au iCloud haijasimbwa hivyo mpaka uiwashe mwenyewe: mipangilio, gumzo, nakala rudufu, kisha chagua nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Ufunguo ukipotea na simu ikaharibika, gumzo zimekwenda, hakuna wa kukurudishia. Pia fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mtu aliyeshika simu yako iliyofunguliwa kwa dakika moja anaweza kuunganisha kompyuta yake na kuendelea kusoma akiwa kwake. Kifaa usichokitambua, kitoe.

Meseji za kawaida ziko wazi kwa kampuni, pamoja na namba za uthibitisho. Washa PIN ya tarakimu 6 ya WhatsApp ili anayepata laini yako asiingie kwa SMS peke yake. Barua pepe ifunge kwa programu inayotoa namba kila sekunde 30, achana na SMS. Signal inahifadhi kidogo sana kuhusu mtumiaji. Ilipodaiwa na mahakama Marekani ilitoa tarehe ya kufungua akaunti na ya mara ya mwisho kuunganika, basi. Tangu Februari 2024 unaweza kutumia jina badala ya kuonyesha namba.

Kufunga simu: PIN ya tarakimu 4 ni michanganyiko 10,000 tu, weka 6 au zaidi, bora nywila yenye herufi. Simu iliyozimwa kisha ikawashwa bila kufunguliwa hata mara moja ni ngumu zaidi kuchimbwa kuliko ile iliyofungwa tu kioo, kwa sababu funguo za usimbaji bado hazijaingia kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo ukikaribia mahali pa ukaguzi, izime. Alama ya kidole nayo haifanyi kazi mpaka uandike PIN.

2G: kama simu inaruhusu, izime, maana mnara bandia wa kunasia simu huishusha simu huko. Ila ukienda kijijini kwenye 2G pekee utakosa simu na menyu ya pesa, iwashe tena.

mtu_wa_South_B

Kiswaswadu yuko sawa. Huku Kenya, Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ilieleza Septemba 2025 kuwa simu za watengeneza filamu ziliwekwa FlexiSPY, programu ya kupelelezea simu, zikiwa zimeshikiliwa na polisi. Hiyo ni programu ya kununuliwa mtandaoni, si Pegasus, ile ya kijasusi inayouzwa kwa serikali. Simu ikirudi baada ya kushikwa, usiifungue uanze kuitumia. Ikiwezekana ipeleke kwa mtaalamu kabla hujafuta chochote, maana kuifuta kunafuta na ushahidi. Kisha badilisha nywila zote kwa kutumia kifaa kingine.

Mzee_wa_Bando

Mnajisumbua bure. Wakitaka wanazima mtandao wote kama 29 Oktoba 2025, VPN yako utaipitishia wapi?

kebo_ya_chini

Mzee, ni kweli siku ile VPN haikuwa na pa kupita, lakini hayo ni mambo mawili. Kufunga tovuti fulani na kuzima intaneti nzima vinafanyika sehemu tofauti za mtambo. Oktoba 2020 zilifungwa Twitter, WhatsApp na nyingine huku intaneti yenyewe ikiwepo. Hapo VPN zilifanya kazi. Ukitaka kujua uko kwenye hali gani, programu ya OONI Probe inapima kama tatizo ni DNS, TCP (kuunganishwa na seva) au TLS. Fahamu kwamba matokeo yake yanachapishwa hadharani pamoja na jina la mtandao unaotumia, na anayeangalia laini yako anaweza kuona kwamba umeipima. Kwa kuzimwa kabisa, kinachosaidia ni kuwa na nyaraka za wateja ndani ya kifaa, zimesimbwa, badala ya kutegemea wingu.

Tafsiri, kuhusu laini ya ruta: haihami, hivyo kumbukumbu zake za mnara ni sawa na kuandika mtaa unaoishi, na ina jina lako. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani na kitambulisho waiondoe, na uondoke na uthibitisho wa maandishi, kwa sababu lolote litakalofanywa na namba hiyo, wa kwanza kutafutwa ni wewe.